Habu spea ya tela: uzoefu wangu tangu siku niliyolala kwenye mibuyu

Kazi yangu ni kukodisha maturubai, viti na spika za harusi. Mzigo wote hupanda kwenye tela dogo la tairi mbili tunalolivuta kwa Hilux. Kwa muda mrefu nilijiona nimejipanga: tairi spea ipo, jeki ipo, pampu ipo. Kumbe beringi ikifa, tairi spea hata iwe mpya ni pambo tu.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka mzigo Iringa, harusi ya Jumamosi. Tumepita hifadhi ya Mikumi salama, tumepita mji, tunaelekea Ruaha Mbuyuni, kijana wangu akasema anasikia harufu ya grisi inayoungua. Nikatazama kwenye kioo: tairi la kushoto la tela linayumba kama mlevi anayetafuta mlango.

Nilishuka bila wasiwasi mkubwa. Kwenye sanduku nilikuwa na kifurushi cha beringi nilichokinunua Gerezani: beringi mbili na ringi zake za nje, sili ya mpira ya kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie, pini ya kufungia nati, kifuniko cha vumbi na grisi kidogo. Hicho kifurushi ndicho nakipa maksi kwanza, na maksi zenyewe ni chache.

Ringi ya ndani ya beringi iliyokufa ilikuwa imeng'ang'ania kwenye ekseli. Tuliigonga kwa tindo karibu nusu saa, jua la mchana, malori yanapita yanatupulizia vumbi. Ikatoka. Tukagonga ringi za zamani zikatoka kwenye habu, yaani kile chuma cha katikati kinachofungwa tairi na kuzunguka juu ya ekseli, tukapigilia mpya, zikakaa barabara. Nikajaza grisi, nikavisha, nikafunga nati. Nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Linacheza. Nikakaza zaidi, bado linacheza.

Nikachomoa ile beringi ndogo ya nje nikaivisha peke yake kwenye ncha ya ekseli. Ilining'inia kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto. Utingo wa semi iliyosimama kutusaidia akaigeuza mkononi, akacheka: "Mzee, huyu ni kaka yake, siyo yeye."

Alikuwa sahihi. Ekseli yangu inataka beringi ya nje yenye namba LM11949, tundu lake milimita 19. Niliyouziwa ni LM12749, tundu karibu milimita 22. Kinachodanganya ni kwamba ringi zao za nje zina kipenyo kilekile, milimita 45 na kidogo, kwa hiyo kwenye habu inaingia bila ubishi wowote. Unaijua rangi yake ukishafika kwenye ekseli. Aliyeniuzia alipima kwa macho, na mimi nikakubali kwa macho, lawama tunagawana. Namba imechongwa pembeni ya beringi, ningeisoma tu.

Mzigo ulihamia kwenye Fuso ya kukodi. Mimi nikalala kwenye kiti cha gari, nalinda tela tupu katikati ya mibuyu. Kijana alipanda basi kurudi Mikumi mjini, akaja na beringi asubuhi. Pesa niliyolipa Fuso ingenunua vifurushi vitano.

Niliporudi Dar nilibadili mfumo. Sikununua kifurushi kingine, nilinunua habu nzima: ringi zimeshapigiliwa, beringi zimeshajazwa grisi, sili imeshakaa, nati na pini mpya zimefungwa pembeni. Kabla ya kuilipia nilikwenda na tela lenyewe dukani, nikaivisha kwenye ekseli mbele ya muuzaji, na tairi nikalifunga juu yake kuhakikisha matundu ya boliti yanalingana. Alinung'unika. Nikamwacha anung'unike.

Imenisaidia mara moja mpaka sasa, tukitoka Tanga, kati ya Segera na Chalinze. Safari hii tuliwahi kabla beringi haijasagika, kwa sababu siku hizi kila tukisimama napitisha mkono kwenye habu zote mbili. Moja ikiwa ya vuguvugu na nyingine huwezi kuigusa, hapo kuna jambo. Tulitoa habu ya zamani, tukafuta ncha ya ekseli kwa kitambaa chenye dizeli, tukasukuma mpya. Nati nakaza huku tairi linazungushwa ili kila kitu kikae mahali pake, kisha nailegeza, naikaza tena kwa vidole tu mpaka tundu la pini lionekane. Ukiikaza kwa nguvu zote kama nati ya tairi, unaiua beringi mpya siku hiyohiyo. Dakika arobaini tukawa barabarani.

Kasoro zipo. Habu ni nzito, na ikizurura ndani ya sanduku na minyororo inaharibu sili; yangu naifunga kwa nailoni mara mbili, kisha gunia. Pia haikusaidii ukichelewa. Ncha ya ekseli ikishaliwa, hata ukiwa na habu kumi, utavutwa. Na usidhani spana ya gari itafungua nati za tairi la tela. Zangu hazilingani, nimelazimika kubeba ya pili, pamoja na kipande cha mbao cha kuwekea jeki, maana kwenye mchanga jeki inazama yenyewe.

Fundi aliyeifungua ile habu tuliyoitoa njia ya Segera alikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa. Maji. Akaniuliza tela naoshea wapi. Kweli, kila tukirudi safari tulikuwa tunaliosha kwa mashine ya presha, habu bado za moto. Chuma cha moto kikipoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili, na ile presha nayo inasukuma. Sasa tela linalala kwanza, linaoshwa kesho yake, na vijana wamekatazwa kuelekeza bomba kwenye habu.

Ile habu ya Segera sikuitupa. Nimeipigilia ringi mpya, beringi nimezisoma namba mwenyewe moja moja, ndiyo spea yangu ya sasa.