Kipimo cha mate cha vinasaba vya bakteria wa mdomoni: uzoefu wangu

Fizi zangu zilikuwa zikitoka damu kila nikipiga mswaki, ndiyo maana nikanunua kipimo hiki. Naishi Minneapolis, na huku Marekani unakiagiza mtandaoni kinaletwa mpaka mlangoni. Hakina shida kukitumia: hupaswi kula wala kunywa kitu kwa nusu saa, kisha unatema mate kichupani hadi kwenye mstari (povu halihesabiki, hapo ndipo panachosha), unachanganya na dawa ya kuhifadhia, unatuma.

Ripoti ilileta orodha ndefu ya bakteria na asilimia zao. Macho yangu yalikimbilia Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Hao watatu watafiti wa Boston waliwaweka pamoja mwaka 1998 na kuwaita kundi jekundu, kwa sababu huandamana kwenye fizi zilizoharibika. Wawili nilikuwa nao.

Sasa wenzangu, kabla hujatoa pesa, elewa kwamba asilimia ile si wingi. Ni fungu la bakteria huyo kati ya wote waliosomwa, kwa hiyo mdomo wenye ukoga kidogo na uliojaa ukoga unaweza kutoa asilimia ileile. Tena mate yanachanganya bakteria wa ulimi, wa mashavu na wa fizi, wakati ugonjwa wenyewe umejificha kati ya jino na fizi. Na vinasaba husomeka hata vya bakteria aliyekwisha kufa. Ripoti haikueleza lolote kati ya hayo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kunishawishi ninunue dawa ya meno na vidonge vya kampuni inayouza kipimo. Hilo liliniudhi sana.

Daktari wangu wa meno aliisoma yote kwa utulivu, kisha akachukua kichuma chembamba chenye alama za milimita, akapima jino kwa jino kina cha nafasi iliyo kati ya jino na fizi. Hadi milimita 3 ni salama. Kwenye gego la chini kulia akatamka 5. Akasafisha chini ya fizi, na damu imekoma.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Kinamfaa aliyeshapimwa fizi na anayetaka kufuatilia hali yake pamoja na daktari. Kama unatoka damu na hujamwona daktari, pesa hiyo ianzie kwake.

Halafu fomu isome yote. Mate yana vinasaba vyako mwenyewe pia, na kuna kisanduku cha kuruhusu sampuli itumike kwenye utafiti. Mimi sikuruhusu, nikawaandikia waiharibu. Walijibu, ila baada ya kukumbushwa.