Nusura wanikatie uzi: uzoefu wangu baada ya kutumbuliwa jipu

Hospitali siitaji. Ni ya binafsi, ipo Dar, lifti inafanya kazi na mlinzi wa getini anakukaribisha kama shemeji. Tathmini hii nimeiandika mara mbili nikaifuta. Ya kwanza niliiandika nimelalia tumbo, hasira zimenipanda, nikawapa nyota 1. Ya pili nikawapa 4. Hii sijui itaishia ngapi.

Nieleze kwanza ninachoumwa, maana hata wakwe zangu mpaka leo wanadhani ni bawasiri. Nina ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili wangu imeugeukia utumbo wangu na haitaki suluhu. Kabla haujajulikana nilitibiwa taifodi, nikatibiwa amiba, nikatibiwa vidonda vya tumbo, halafu nikamezeshwa dawa za TB miezi 6, kwa sababu TB ya utumbo na Crohn vinafanana kiasi kwamba hata daktari akichungulia kwa kamera anaweza kubabaika. Kwa hilo simlaumu mtu. Huku kwetu TB ndiyo nyingi, lazima uanze na iliyo nyingi.

Sasa ugonjwa huu una uhuni wake. Haubaki tumboni. Unaweza kujichimbia mfereji, madaktari wanauita fistula, kutoka ndani ya njia ya haja kubwa mpaka kwenye ngozi ya tako, usaha ukajaa humo, likavimba jipu. Ndicho kilichonikuta. Siku nne sikukaa kitako. Nilikula nimesimama, nimeegemea friji, homa inapanda na kushuka.

Jipu likatumbuliwa. Ndiyo, najua. Tangu enzi za hayati Magufuli neno hilo huwezi kulisema ukabaki salama. Mjomba alipoambiwa kwa simu kwamba nimetumbuliwa jipu, aliuliza, "Kwani alikula hela za nani?"

Upasuaji wenyewe sina neno nao. Niliingia asubuhi, nikapigwa nusu kaputi, jioni nikawa nyumbani. Daktari aliyenipasua ni mtu wa maneno machache, lakini alinichorea kila kitu nyuma ya fomu ya bima: huu mfereji, huu msuli unaobana haja, na huu hapa uzi. Angeupasua mfereji wote angehatarisha msuli, na msuli ule ukiharibika haja haingoji ruhusa yako. Kwa hiyo alipitisha uzi kwenye tundu la nje, ukafuata mfereji, ukatokea njia ya haja, akaufunga kama pete iliyolegea. Kazi yake ni kuzuia tundu lisizibe juu wakati chini bado kuna usaha. Uzi ukikaa, usaha unapata pa kutokea. Uzi ukitoka kabla ya wakati, ngozi inafunga, jipu linarudi. "Ukikaa wiki, sawa," alisema. "Ukikaa miezi, sawa. Asiuguse mtu mpaka niseme mimi."

Naomba neno hilo mlishike.

Siku chache baadaye nikarudi kusafishwa kidonda. Nilienda kwa bajaji, nimekaa tako moja, na kila tuta dereva alinitazama kwenye kioo akasema pole. Dereva wa bajaji! Mtu asiyejua hata naumwa wapi.

Chumba cha kufungia vidonda nikamkuta sista mmoja, simu imebanwa kati ya bega na sikio. "Kaka, panda kitandani, shusha suruali." Mlango wazi. Foleni ya watu koridoni. Nikamwomba afunge, akaurudisha nusu kwa mguu.

"Nini hiki?"

"Fistula, sista."

"Fistula?" Hapo simu ikakatwa. "Fistula si ya kina mama?"

Nilielewa alikotoka. Nchi hii ukisema fistula, kila mtu anawaza mama aliyeteseka na uchungu wa siku mbili tatu akabaki anavuja mkojo, wale wanaotibiwa bure hospitali ya CCBRT. Ya mwanaume hakuna aliyeitangaza redioni. Sawa. Lakini sista akaita wenzake wawili waje kuona. Nimelala pale nimeinua makalio kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati, watu watatu wananijadili.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani, "Huu uzi walisahau kuutoa, umeshakuwa mchafu. Ngoja nikutolee." Nikasikia mkasi umeokotwa kwenye sinia.

Sijui nilizungukaje. Ninachojua ni kwamba nilimdaka mkono na kitanda kikalia.

"Sista, usikate! Huo ndio matibabu yenyewe."

"Wewe daktari?"

"Hapana."

"Basi niachie nifanye kazi yangu."

Nikamwambia nina Crohn, uzi umewekwa makusudi. Akajibu kwamba miaka yote aliyofanya kazi hajawahi kuusikia ugonjwa huo. Yaani kwa kuwa hajausikia, haupo. Burrill Crohn na wenzake waliuandika kwenye jarida la madaktari wa Marekani mwaka 1932! Babu yangu alikuwa bado hajaoa.

Nikampigia daktari, yupo thieta, simu inaita tu. Kilichoniokoa ni ile karatasi. Nilikuwa nimeikunja kwenye pochi. Sista akaifungua, akatazama mchoro, akatazama tako, akarudi kwenye mchoro. Halafu akaweka mkasi chini na kusema, "Mbona kwenye faili hawajaandika?"

Na kweli hawakuandika. Faili lilisema jipu limetumbuliwa, asafishwe kila siku. Uzi hata herufi moja. Kwa hiyo ukiniuliza mkosaji nani, nakwama. Yule dada alikuta uzi mchafu kwenye kidonda na karatasi isiyosema lolote. Daktari ninayemsifu ndiye aliyenichorea mimi akasahau kuwaandikia wao. Nilipofika hapa kwenye rasimu ya pili nilimsamehe kabisa.

Lakini pole hakuisema. Kiswahili chetu hiki, mtu akiangusha kalamu anapewa pole. Mimi nimenusurika kurudi thieta, naambiwa, "Haya, vaa, mwingine aingie."

Nyumbani mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na kila baada ya choo. Wanangu walizoea kuuliza, "Baba yuko kwenye beseni?" kama wanavyouliza kama niko kazini. Usaha unaendelea kuvuja kwa wiki kadhaa, na hilo ni jambo jema, ndiyo kazi ya uzi, ila suruali hazijui kuwa ni jambo jema. Nilitumia pedi za mke wangu. Wanaume wenzangu mnaosoma hapa kwa siri, msione haya, hakuna kinachofanya kazi vizuri zaidi. Choo cha kuchuchumaa kilinishinda wiki ya kwanza, nikahamia kwa jirani mwenye cha kukaa. Karatasi ya chooni daktari aliikataa, akasema maji tu. Nilicheka: kopo la bibi yangu limethibitishwa na bingwa. Flajili, dawa ya kuua bakteria, ilinipa ladha ya sarafu mdomoni mpaka chai ikanichukiza, nayo ikapita.

Uzi bado ninao. Sasa nasubiri majibu ya vipimo vya TB na homa ya ini B kabla ya kuanzishiwa infliximab, maana dawa hiyo huituliza kinga na inaweza kuamsha vilivyolala. Bei yake nisiiongelee hapa, nitaharibu siku yangu na yenu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota 4. Thieta safi, daktari bora, lifti inafanya kazi, kidonda hakinuki, na baada ya malalamiko yangu wameandika kwenye faili kwa wino mwekundu: UZI USIKATWE. Nikaona niwe muungwana.

Juzi nikarudi kusafishwa. Koridoni tumejaa, kuna mama mmoja kanisani kwetu tunaimba naye kwaya, nimemwamkia shikamoo na kumwambia nimeleta mgonjwa. Mlango ukafunguliwa, sista yuleyule akatoa kichwa, akaniona, akatabasamu kwa mara ya kwanza, na kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la bima akaita:

"Yule kaka wa uzi wa matakoni, njoo!"

Nyota 1. Na hiyo ni ya dereva wa bajaji.