Mazimwi madogo ya plastiki: yapi ya kununua Mtwara na Lindi

Ukikuta mfuko wa mazimwi ya plastiki, vipande 144 vya sentimita 2 hadi 3, kwenye duka la vichezeo Mtwara mjini au Lindi, omba umwagiwe kaunta kabla ya kulipa. Wingi wa vipande si wingi wa aina. Mifuko hii hurudia maumbo, na mtoto anayekusanya anataka sura mpya, si zimwi lilelile mara sita. Yapange kwa sura, hesabu aina, ndipo mpatane bei. Majirani wawili watatu wakichangia mfuko mmoja, yanayojirudia yanakuwa ya kubadilishana, na hapo ndipo mchezo unaponoga.

Chagua ya rangi moja, uache yaliyopakwa rangi. Mfano ni Monster in My Pocket, mazimwi ya kuchezea yaliyotolewa na kampuni ya Matchbox mwaka 1990, ambayo yalianza na mazimwi 48, kila moja la rangi moja na lenye pointi zake, kuanzia 5 hadi 25. Meno, magamba na kucha vilichongwa kwenye umbo lenyewe, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Kwenye vile vya bei rahisi vilivyopakwa, rangi huanza kutoka puani na vidoleni, na mchanga wa ufukweni huimaliza upesi. Sugua kimoja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika rangi, rudisha mfuko mezani. Vivyo hivyo ukiufungua ukanukia kemikali kali.

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kabisa. Kipimo cha kimataifa cha vitu vinavyoweza kumkaba mtoto ni kopo lenye upana wa milimita 31.7, na mazimwi haya huzama humo yote. Nyumbani tumia kibomba cha karatasi ngumu cha ndani ya tishu ya chooni: kinachopita humo, mtoto mdogo asikifikie.

Miguu iliyopinda hutengenezeka. Tumbukiza zimwi kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nusu dakika, linyooshe, kisha lishikilie ndani ya maji baridi hadi ligande. Kazi hii ni ya mtu mzima. Mabaki ya plastiki kwenye mishono yakatwe kwa wembe, taratibu.

Joto la pwani ndilo adui mkubwa. Mengi ya mazimwi haya ni ya PVC, aina ya plastiki, iliyotiwa kilainishi, yaani kemikali ya kuifanya iwe laini. Yakiachwa juu ya dashibodi ya gari au karibu na bati, kilainishi huvuja na zimwi huanza kunata na kukusanya vumbi. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ulianike kivulini. Usiyahifadhi ndani ya mfuko laini wa plastiki, maana hugandana nao. Kopo la biskuti hushika kutu kwa hewa ya bahari, hasa Mikindani. Bora kontena gumu lenye namba 5 ndani ya pembetatu kwenye kitako, alama ya plastiki aina ya polipropilini, likae chini ya kitanda.