Vipindi vya kale vya redio kwenye cherehani yangu, Nakuru

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Mchana kutwa macho yako kwenye sindano, masikio ndiyo yana nafasi. Ndiyo maana hazina ya vipindi vya kale vya redio kwenye tovuti ya Internet Archive naipa nyota zote tano. Ni bure kabisa. Nashusha faili nikipata waifai, nazitia kwenye memori kadi, nachomeka kwenye redio yangu ndogo, kazi inaendelea.

Anzeni na Suspense, michezo ya kuigiza ya CBS, shirika la redio la Marekani, iliyorushwa kuanzia 1942 hadi 1962. Mingi ni ya nusu saa. Katika mchezo mmoja, Sorry, Wrong Number wa 1943, Agnes Moorehead anaigiza mwanamke mgonjwa, yuko peke yake nyumbani, laini za simu zimeingiliana na anasikia watu wakipanga mauaji. Anampigia opereta, anapigia polisi. Wao wanamjibu taratibu, yeye sauti inazidi kupanda. Mguu wangu uliganda kwenye pedeli, pindo la sare ya shule limeishia katikati. Nasema kweli, sijaona sinema iliyonikamata hivyo.

Kiingereza chao kinakwenda mbio, na baadhi ya rekodi zina mikwaruzo ya uzee, kwa hiyo tafuteni spika inayotoa sauti safi. Matangazo ya biashara msiyaruke! Kuna yale ya Autolite, plagi za injini. Jirani yangu wa bodaboda huzima pikipiki mlangoni ayasikilize mpaka mwisho.