Lex Luthor wa Jesse Eisenberg: nilimzomea, kisha nikamrudia

Mara ya kwanza nilipoitazama Batman v Superman: Dawn of Justice, mwaka 2016 ilipotoka, niliondoka ukumbini nikiwa kambi ya wazomeaji. Huyu si Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, nilisema. Lex ninayemjua mimi ana kipara na sauti nzito, akiingia chumbani watu wananyamaza wenyewe. Huyu wa Jesse Eisenberg ana nywele ndefu zilizotimka, vidole havitulii, anacheka katikati ya sentensi yake mwenyewe, na anaruka kutoka jambo hili kwenda lile kama redio inayopotea stesheni. Mdogo wangu, ambaye tumekua tukigombania vitabu vya katuni, alikuwa ameshapagawa naye. "Kaka, wewe unamtaka Gene Hackman wa 1978 tu," aliniambia, yaani yule aliyemcheza Luthor katika filamu ya Superman ya mwaka huo. Tulibishana njia nzima, na ubishi wenyewe haukuisha siku hiyo.

Juzi nimekaa tena na filamu hiyo, safari hii toleo refu la saa tatu na dakika mbili. Lile la ukumbini lilikuwa la dakika 151. Nitamzungumzia Luthor tu. Ugomvi wa Batman na Superman umeshasemwa mpaka umechuja.

Tuimalize kwanza hoja ya kipara, maana ndiyo watu wanayoitangulizia na ndiyo dhaifu kuliko zote. Luthor alipoingia katika kurasa za katuni mwaka 1940 alikuwa na nywele nyekundu. Kipara kilimjia baadaye, kwa mkono wa mchoraji. Hata huyo tajiri mwenye suti tunayemshikia bango alishika nafasi mwaka 1986 John Byrne alipomwandika upya Superman. Kabla ya hapo alikuwa zaidi mwanasayansi mwenye wazimu, anayeingia na kutoka jela. Sasa "Lex halisi" ni yupi kati ya hao? Na filamu yenyewe haijasahau: huyu ni Alexander mtoto, kampuni ilibeba jina la baba yake, na mwishoni ananyolewa gerezani mbele ya macho yetu. Kumbe kipara kilikuwa njiani.

Hoja ya sauti na vituko, hiyo ina uzito.

Lile tukio la hafla nyumbani kwake ndilo lililoniudhi zaidi mwaka ule, na ndilo lililonigeuza safari hii. Anasimama mbele ya wageni, anaanza na neno la Kigiriki kuhusu ufadhili, anafika kwenye maarifa kuwa ni nguvu, anataka kusema "na mimi ni..." kisha anakwama. Haelewi aimalizie vipi. Zamani niliona mwigizaji aliyepotea. Sasa namwona mtu aliyeandaa hotuba ya kujisifu, akafika mahali pa kujitaja, akakuta hapana kitu. Baadaye, juu ya paa, anamwambia Superman kwamba hakuna mtu yeyote wa mbinguni aliyeshuka kumwokoa na ngumi za baba yake alipokuwa mdogo. Unganisha hayo mawili utaelewa kwa nini anaongea hivyo. Mtoto aliyekuwa akipigwa alijifunza kuchekesha kabla mkono haujainuka, na sasa amekuwa bilionea lakini bado anachekesha. Huo ni usomaji wa mhusika. Unaweza kuukataa, ila usiseme haupo.

Kuna na lile la peremende. Anaifungua, anamtia seneta mmoja mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe, na yule mzee anapokea. Sekunde chache, na uhusiano mzima wa pesa na serikali umekwisha kuelezwa. Sidhani kama Luthor wa suti na sauti nzito angeweza kulifanya likatuchefua namna ile.

Lakini sikilizeni mahali ninapokwama na mdogo wangu. Tukio la Luthor linalotisha kuliko yote, yeye hayumo. Seneta mwingine, Finch, aliyechezwa na Holly Hunter, alishamwambia kwamba huwezi kumletea mtu mkojo ukauita chai ya bibi akaunywa. Siku ya kikao cha Seneti kumhusu Superman, Finch anakaa mahali pake, anaanza kuzungumza, jicho linaangukia chupa iliyowekwa mezani ikiwa na maandishi hayo hayo. Anakatika maneno. Anatazama kiti cha Luthor: kitupu. Sisi tunajua kuna bomu, yeye amejua, na hakuna muda. Hapo nywele zilinisimama hata mara ya pili, na Eisenberg hakutamka neno.

Ndiyo maana namlaumu zaidi mwongozaji Zack Snyder kuliko mwigizaji. Huyu Luthor hajapewa gia nyingine. Akiwa na wageni anachezacheza, na maadui vivyo hivyo, na peke yake pia. Mtu anayeigiza mbele za watu lazima tumwone angalau mara moja akiwa amechoka kuigiza, la sivyo tutadhani ndivyo alivyo. Dakika moja tu ya kukaa kimya akitazama ule mchoro uliotundikwa katika chumba cha babake ingetosha. Eisenberg anaweza: mwaka 2010 alimcheza Mark Zuckerberg katika The Social Network kwa ubaridi uliompatia uteuzi wa Oscar. Kipaji kilikuwepo chumbani. Nafikiri hakuna aliyekiambia kipunguze sauti. Badala yake akaambulia Razzie, tuzo ya kejeli kwa filamu mbovu, ya mwigizaji msaidizi mbaya zaidi, zawadi ambayo naona ilikuwa ya haraka.

Toleo refu linasaidia, ila kwa upande mmoja. Mipango yake sasa inaeleweka: shahidi alitishwa ili aseme uongo, na kile kiti cha magurudumu kilichoingizwa kikaoni kikiwa na bomu kilizungushiwa madini ya risasi ambayo macho ya Superman hayapenyi. Kwa hiyo ule werevu tuliokuwa tukiambiwa kwa maneno sasa tunauona kwa vitendo. Sauti ni ile ile.

Mdogo wangu hunirushia jina la Heath Ledger kila tukifika hapa. Kwamba na yeye alikejeliwa alipotangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, kisha akapewa Oscar mwaka 2009 akiwa ameshafariki. Namjibu kuwa kukejeliwa si cheti. Joker wa Ledger alijua kunyamaza, alijua kulamba midomo akasubiri. Kuwa tofauti ni mlango tu, ukishaingia bado kuna nyumba ya kujenga. (Hapo huwa ananiambia nimeanza kuhubiri, na ana haki.)

Kama hujaitazama, chukua toleo refu, na mtazame Luthor mikono yake kuliko kusikiliza maneno. Mdogo wangu anampa nyota tano. Mimi nilianza na moja. Leo nampa tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya kile kiti kitupu.