Simu za kukunja: ya kununua Nairobi, na ya kuangalia tu kwa dirisha la duka

Kila simu mpya ya kukunja ikitoka Wakenya tunasema kitu kimoja, hiyo pesa ni bodaboda mpya na chenji inabaki, halafu mwezi haujaisha yule yule aliyecheka yuko Moi Avenue anauliza kama duka litachukua simu yake ya sai aongezee. Siwezi kumlaumu. Ikifunguka inavutia, na bei nayo inauma, zote mbili ni kweli. Samsung Galaxy Z Fold7, ile ya kufunguka kama kitabu, ilitoka Julai 2025 na bei ya Marekani ilikuwa dola 1,999, sasa wewe piga mara shilingi 129 hivi kwa dola, unapata karibu shilingi 258,000 na hapo hujaongeza VAT yetu ya 16%, ushuru wa kuingiza, na faida ya mwenye duka ambaye pia ana kodi ya duka Luthuli Avenue ya kulipa.

Hii orodha nimeipanga kwa swali moja tu. Kioo cha ndani kikizima, hapa Nairobi utampelekea nani, na yeye spea atatoa wapi? Kamera karibu zote ni nzuri, spidi zote ziko sawa kwa mtu wa WhatsApp na TikTok, kwa hivyo wale wanaobishana vitu hivyo siku nzima wacha waendelee.

Mbona nimeng'ang'ania kioo? Kwa sababu kile cha ndani ni glasi nyembamba sana, Samsung walianza kuiweka kwa Z Flip ya kwanza 2020, zile ndogo za kujikunja juu kwenda chini, na juu yake kuna tabaka la plastiki, na plastiki inachorwa hata na kucha. Kabla ya hapo, Fold ya kwanza kabisa ilitangazwa Februari 2019, ikifika Aprili simu za waandishi waliopewa kujaribu zikaanza kufa mikononi mwao, wengine walikuwa wamebandua hilo tabaka wakidhani ni ile karatasi ya kutoka na boksi, mpaka Samsung wakasukuma mauzo hadi Septemba. Watu walicheka sana. Lakini hadi leo kuna kijana wa kibanda atakuambia "bosi, wacha nikutolee hiyo protekta imezeeka nikuwekee mpya," tafadhali usimpe. Hiyo inabadilishwa na mafundi wa kampuni yenyewe wenye mashine yake. Na kioo cha ndani cha Fold kikienda kabisa bila waranti, pesa utakayoitishwa inaweza kununua simu nyingine nzuri ya kawaida.

Bawaba yenyewe watu wanaiogopa bure. Kwa miaka Samsung walizipima kwa mikunjo 200,000, ukifungua mara 100 kwa siku hiyo ni miaka mitano na kitu. Ogopa vumbi. Fold6, Fold7 na Flip za miaka hiyo zimeandikwa IP48, alama ya kinga ya vumbi na maji, hiyo 8 ni ya maji na iko poa, ile 4 inamaanisha imekingwa na vitu vyenye unene wa milimita 1 kwenda juu, sasa niambie ni vumbi gani la Rongai ama Utawala lenye chembe za milimita moja. Kama kazi yako ni ya mjengo ama unashinda kwa bodaboda barabara ya murram, mimi ningekuambia uachane na hii stori yote ununue simu ya kawaida.

Haya, kwa wale wamebaki.

Namba 1: Samsung Galaxy Z Flip6, ya boksi, yenye waranti ya Kenya

Ndio, Flip6, sijakosea kuandika. Ilitoka Julai 2024 kwa dola 1,099, mwaka uliofuata Flip7 ikatoka kwa dola hizo hizo 1,099, na kawaida ya maduka yetu unaijua, mpya ikiingia ile ya nyuma inaanza kupunguzwa ili itoke kwa shelfu. Unapata prosesa ya Snapdragon 8 Gen 3, RAM ya GB 12, na Samsung waliahidi miaka saba ya apdeti, yaani inaenda mpaka 2031. Ukiifunga inaingia mfuko wa shati, hata wa ile jinzi ya wanawake yenye mfuko wa maonyesho.

Flip7 inaishinda wapi? Kioo cha nje kimekua hadi inchi 4.1 kutoka 3.4, na betri ni mAh 4,300 kutoka 4,000, lakini pia walitoa Snapdragon wakaweka Exynos 2500 yao wenyewe. Hesabu yangu ni rahisi: kama tofauti dukani iko chini ya elfu kumi na tano chukua 7, ikizidi hapo baki na 6 na hiyo pesa ununue kava nzuri na pawabenki, kwa sababu pawabenki utaihitaji. Jam ya Mombasa Road na hotspoti ikiwa on, hii betri haifiki South B bila kukuomba msamaha.

Kitu kimoja kinakera: ukitaka apu zote zifunguke kwa kioo cha nje lazima upitie Good Lock, apu ya Samsung wenyewe, kitu ambacho wangeweka tu wazi kwa settings. Ukishaiweka lakini, kuangalia meseji ya M-Pesa na kujibu mtu bila kufungua simu ni raha.

Namba 2: Galaxy Z Fold7

Kama pesa unayo, unayo. Hii ndio ya kwanza ya Samsung ya kufunguka kama kitabu ambayo ukiifunga unaitumia kama simu ya kawaida, kioo cha nje ni inchi 6.5 na upana wa kutosha vidole kuandika, si kama za zamani zilizokuwa nyembamba kama rimoti. Ina gramu 215, nyepesi kuliko hata S25 Ultra yao ya gramu 218. Imefungwa ina unene wa milimita 8.9, na Fold6 ya mwaka mmoja tu kabla ilikuwa 12.1, hiyo ni tofauti unaiskia mfukoni bila kuambiwa.

Inamfaa nani? Mtu anayesoma mikataba, anayefungua Excel akiwa nje ya ofisi, ajenti wa nyumba anayeonyesha mteja ramani. Inchi 8 ndani ni mali ya kweli kwa watu kama hao, na nimeona wengi wameacha kubeba tableti kabisa. Kama wewe ni wa kutazama mpira tu, zile nafasi nyeusi juu na chini ya video zitakuudhi, skrini ni kama mraba na mpira ni wa mstatili.

Malalamiko ni mawili na ni makubwa kwa simu ya bei hii. Betri ni 4,400, na imekuwa 4,400 tangu Fold3 ya 2021, vizazi vitano namba haijasonga. Pili waliondoa kalamu, S Pen haifanyi kazi kwa Fold7, kwa hivyo kama unachora ama kusaini makaratasi kwa simu tafuta Fold6 mpya, bado inaikubali.

Na usiifungue ukikaa dirishani kwa matatu pale Globe ama Muthurwa. Hilo sielezi zaidi.

Namba 3: Tecno Phantom V Fold2

Najua, najua. "Tecno ya zaidi ya laki?" Hapo ndio watu wengi wanatoka mbio, na mimi naona wanakosea. Ilizinduliwa Septemba 2024 kwa dola 1,099, ukiangalia vizuri hiyo ni bei ya Flip ya Samsung, lakini hapa unapewa ya kufunguka kama kitabu, inchi 7.85 ndani, betri ya 5,750 na chaja ya wati 70. Betri peke yake inaaibisha Samsung. Na Carlcare, mafundi rasmi wa Tecno ikiharibika, wako hapa hapa Nairobi, ndio maana imeshinda simu kali zaidi zilizo chini yake kwa hii orodha.

Ubaya wake sasa. Prosesa ni Dimensity 9000+, ya 2022, haijalala lakini si kijana tena. Apdeti hazifiki hata nusu ya miaka ya Samsung. Na siku ya kuuza utalia, kwa sababu soko la mtumba la Nairobi linalipa jina, Samsung ya kukunja ina wateja na ya Tecno kila mtu ataishika, aifungue, aifunge, aseme "iko fiti" halafu akupe bei ya kukutukana. Kama unanunua ya kukaa nayo hadi ichoke, hilo halikuhusu.

Kabla hujalipa piga simu Carlcare uulize kama kioo cha ndani cha hiyo modeli wako nacho ama kinaagizwa, na kinachukua muda gani.

Namba 4: Infinix Zero Flip ama Tecno Phantom V Flip2

Nimeziweka pamoja kwa sababu ni mtu na kaka yake, zote ni za Transsion ya Shenzhen, zote zina Dimensity 8020, betri 4,720, chaja wati 70, kioo cha nje inchi 3.64. Anayekuuzia moja akikuambia ile ingine ni takataka anataka tu kumaliza stoki yake. Chukua yenye bei ya chini siku hiyo. Hii ndio njia rahisi ya kuingia kwa mambo ya kukunja ukiwa na waranti mkononi, na kwa mtu anayetaka staili zaidi ya kazi inatosha kabisa. Phantom V Flip ile ya kwanza ya 2023, yenye kioo cha nje cha duara kidogo kama saa, usiichukue hata wakikushushia.

Namba 5: Honor, Oppo na Pixel za kuagizwa

Kwa ubora wa kifaa chenyewe hizi zingekuwa juu, wacha niseme ukweli. Kama unashangaa Samsung walikondaje ghafla 2025, jibu ni Wachina. Honor walileta Magic V2 ya milimita 9.9 mwaka 2023, 2024 wakarudi na V3 ya 9.2, Februari 2025 Oppo wakaleta Find N5 ya 8.93, halafu Julai Honor wakatangaza Magic V5 ya 8.8 siku chache tu kabla ya Samsung kutoka na 8.9 yao. Wanapigania vipande vya milimita ambavyo ukishaweka kava havionekani! Cha maana zaidi kwangu ni kwamba hao wanaweka betri kubwa kwa mwili huo huo mwembamba, Find N5 ina 5,600, ndio sababu ile 4,400 ya Samsung inanikasirisha. Pixel 10 Pro Fold ya Google nayo ndio ya kukunja ya kwanza kupata IP68, yaani vumbi pia imekingwa, ingekuwa simu ya Nairobi haswa.

Lakini yoyote kati ya hizi ukiipata mjini mara nyingi imeletwa na mtu na begi lake kutoka Dubai, na waranti ni namba yake ya WhatsApp. Kioo kikienda unasubiri spea ya kuagizwa na fundi ambaye labda anaifungua hiyo modeli kwa mara ya kwanza. Rudi kwa lile swali langu la juu.

Namba 6: Huawei Mate XT

Hii ni ya kuangalia. Inakunjwa mara mbili, ikifunguka yote ni inchi 10.2, ilizinduliwa Septemba 2024 saa chache tu baada ya Apple kuonyesha iPhone 16, na hiyo haikuwa bahati mbaya, ilikuwa ni kumwaga maji kwa sherehe ya jirani. Kule China mamilioni walijiandikisha kabla bei haijatajwa, kujiandikisha kulikuwa bure, halafu ikatajwa, yuan 19,999, karibu dola 2,800, na hapo kelele za mitandaoni zikageuka. Sisi huku tatizo kubwa ni Google, tangu vikwazo vya Marekani vya 2019 simu mpya za Huawei hazina Play Store, sasa unataka kulipa zaidi ya laki tatu na nusu halafu uanze kuzungukazunguka kutafuta apu ya benki yako?

Ya mwisho: Fold3, Flip3 na Flip4 za ex-UK, yaani mtumba wa ng'ambo

Nimeziweka mwisho ingawa ndizo zinauzwa sana, na kwa nini zisiuzwe, bei ni ya simu ya kawaida na kwa picha zinapendeza. Shida ni kwamba umri wa kioo cha ndani huuoni. Tabaka la juu linaanza kuinuka kwa mstari wa katikati, kwanza kama povu dogo, baadaye mstari mweusi ama wa kijani unatokea asubuhi moja na simu haijaanguka popote. Mwenye kuuza anajua, ndio maana kwa tangazo imepigwa picha ikiwa imefungwa.

Ukilazimika, fanya hivi hapo dukani bila aibu. Ifungue inyooke kabisa, isipofika ama ikilia kama mchanga uko ndani, irudishe. Zima taa ya kioo uinamishe uangalie katikati kama kuna povu. Piga *#0*# uone rangi nyekundu, kijani na bluu zikijaa kioo bila doa, halafu *#06# ulinganishe IMEI, ile namba ya kipekee ya simu, na ya boksi. Piga picha pia: zile za Korea mlio wa kamera hauzimiki, hata ukiweka saileti kanisani itapiga "kacha". Ingia kwa akaunti yako ya Google hapo hapo, weka laini yako upige simu, kwa sababu kuna zilizofungwa na mitandao ya ng'ambo na kuna zilizochukuliwa kwa mkopo wa lipa pole pole zikauzwa kabla deni kuisha, hizo zinajifunga ukishafika nyumbani. Risiti nayo iandikwe IMEI na modeli kamili, na waandike kama ile waranti yao ya miezi inagusa kioo cha ndani ama imekiacha nje, maana wengi ndio hapo huanza kusema mwenye duka hayuko.