Kanji 20 kwa siku zilinitoa jasho, 5 zinakwenda: uzoefu wangu na Anki

Nauza spea za magari yaliyotumika hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kwa miaka nimezungukwa na maandishi ya Kijapani nisiyoyajua. Yapo kwenye mfuniko wa tangi la mafuta, yapo kwenye stika za mlangoni, yapo kwenye betri. Na kila asubuhi bosi akiwasha IST yake, yule mama wa ndani ya gari anatusomea sentensi ndefu ambayo hakuna mtu dukani aliyewahi kuielewa. Kumbe anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Miaka mitatu tulidhani anatutakia safari njema.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaamua nijifunze kusoma. Hiragana na katakana, zile alama za sauti, 46 kila upande, nilizimaliza kwa wiki tatu, na hapo kichwa kikavimba. Zikabaki kanji, zile alama ambazo kila moja ina maana yake. Nikapakua Anki, ile programu ya kadi za kurudia. Kwenye Android ni bure, na ukishashusha kadi zako haikudai bando tena. Kwangu mjadala uliishia hapo. Inakuonyesha kadi, unajibu kimoyomoyo, unaigeuza, kisha unabonyeza kimoja kati ya vitufe vinne kulingana na ulivyokumbuka. Ukipatia, kadi inakwenda kupumzika siku kadhaa, baadaye wiki, baadaye miezi. Ukikosea, mnaonana tena leo leo.

Sasa, inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Sikuigusa. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya risiti: kanji za matumizi ya kawaida, kwa orodha ya serikali ya Japani iliyorekebishwa mwaka 2010, ni 2,136. Gawanya kwa 20, siku 107. Kabla mvua hazijakatika ningekuwa nasoma gazeti la Tokyo! Ningejua mapema kwamba mtoto wa Kijapani anafundishwa kanji 80 tu darasa la kwanza, na kwamba miaka yote sita ya shule ya msingi ni 1,026, ile risiti ningeifungia boliti.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu, sikatai. 木 ni mti. Ukiipanga mitatu, 森, umepata msitu. 休 ni mtu ameegemea mti, anapumzika. Nikajiona mwamba.

Kilichoniponza ni kwamba hizo 20 haziji peke yake. Za leo zinarudi kesho pamoja na 20 nyingine, za juzi nazo zinabisha hodi, za wiki iliyopita zinakumbushia. Ni mkopo wa kausha damu kabisa: kuchukua ni kidogo kidogo, kasheshe ni marejesho. Wiki ya nne ile namba ya kijani, yaani kadi zinazokudai siku hiyo, ilifika 170. Dakika 10 zangu za kusubiri wateja zikageuka saa nzima usiku, macho mekundu, na nikawa nabonyeza kwamba nimekumbuka wakati sikumbuki, ili mradi ziishe. Hapo nilikuwa najiibia mwenyewe.

Kisha tukapata msiba Kasulu. Siku nne sikushika simu kwa masomo. Niliporudi nikakuta kadi 590 zinanisubiri. Nikafungua, nikatazama, nikafunga. Sikuigusa tena wiki mbili.

Aliyenirudisha ni fundi mmoja mtu mzima, mteja wetu. Alileta kifaa chenye stika, akasema, "Dogo, nasikia siku hizi unasoma Kijapani. Hebu nisomee hapa."

"Shikamoo mzee. Hapo wameandika chūi, maana yake tahadhari."

"Marahaba. Hiyo hata mimi naijua, si kuna pembetatu ya njano? Nisomee haya ya chini yake."

Ya chini yake sikuweza. Nilikuwa nimepitia kanji zaidi ya 500, na zilizobaki kichwani hazikufika hata 200.

Nikafuta historia yote nikaanza upya. Nilijaribu 10 kwa siku, bado zilinibana siku za mzigo kuingia. Nikashuka hadi 5, na Jumapili sifuri. Huu ni mwezi wa tano tangu nishuke. Marejesho yanacheza kati ya 40 na 50, nayamaliza kabla wateja hawajaanza kuja. Siku hizi namba ya kadi mpya siiangalii kwanza, naangalia saa: marudio yakipita dakika 20, kesho yake mpya nazifunga hadi deni lishuke.

Faida ambayo sikuitegemea ni nafasi ya kuandika. Daftari la hesabu la watoto, lile la viboksi, linafaa sana, kila kanji chumba chake. Bila kuandika nisingetofautisha 待, kusubiri, na 持, kushika. Zimetofautiana ubavu wa kushoto tu. Ukikosea kadi moja mara 8 Anki inaibandika jina la ruba, na hizo mbili zilininyonya kweli. Kwa mwendo wa 5 unapata pia muda wa kujifunza kanji ndani ya neno, kwa sababu ikiwa peke yake inadanganya. Chukua 日曜日, Jumapili: ile 日 ya mwanzo inasomwa nichi, ya mwisho inasomwa bi. Neno moja hilo hilo!

Kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa nzima, huna duka wala watoto, 20 labda utaziweza. Mimi kwa 5 nimefika 540, na safari hii nikisema naijua, naijua.

Juzi nilitafuta neno la yule mama wa IST, "kuchomeka", 挿入. Ile 挿 haifundishwi shule ya msingi, na kadi zangu zinafuata madarasa, kwa hiyo tutakutana mwakani. Bosi nimemwambia avumilie kusalimiwa.